Volti, Joto na Daftari: Kupima Prosesa kwa Usalama Kariakoo



Nimeombwa nizungumzie kuongeza kasi ya prosesa ya kompyuta ya mezani, kazi ambayo vijana wa mjini wanaiita kuovakloki. Nimekubali, ila nitawaudhi kidogo wale waliokuja kutafuta namba. Kuongeza kasi ni kazi ya dakika tano: unaingia kwenye bayosi, unapandisha namba, unahifadhi, unawasha upya. Kujua kama mashine itaishi na namba hiyo, na kama majibu inayoyatoa ni ya kweli, ndiyo kazi ya fundi. Kwa hiyo nitasema machache juu ya kuongeza na mengi juu ya kupima. Hoja yangu ni moja. Volti salama na joto salama havinakiliwi kutoka kwa mtu aliyeko Berlin au Seoul. Vinapimwa kwenye mashine yenyewe, katika chumba itakamokaa, saa ya jua kali, kwa umeme tulio nao. Na kipimo kisichoandikwa ni sawa na kipimo ambacho hakijafanyika.

Kwanza: soma jina la prosesa

Tuanze na bidhaa iliyopo sokoni. Mtu akishuka Msimbazi, Kariakoo, leo akasema anatafuta kompyuta ya kuhariri video za harusi, winga, yaani dalali wa mtaani, atamwongoza mpaka kwenye fremu ya duka iliyojaa Dell OptiPlex na HP EliteDesk zilizopangwa hadi darini. Ni mashine za mtumba. Zilifanya kazi maofisini ng'ambo, zikafutwa vumbi, zikaletwa. Ni mashine imara, na vijana wengi wa mji huu wamejifunzia kazi juu yake. Lakini nyingi hazikubali kuovaklokiwa hata kidogo, na fundi anayemwahidi mteja kinyume cha hapo anauza maneno.

Sababu iko kwenye jina. Intel hufunga kizidisho cha mapigo kwenye prosesa zake nyingi za mezani, na kukiacha wazi kwenye zile zenye herufi K, kama i7-2600K ya mwaka 2011 au i7-4790K ya mwaka 2014. Hata ukiwa na K, madabodi nayo lazima iruhusu. Kwa kawaida ni zile zenye chipu ya herufi Z. OptiPlex 9020 inatumia chipu ya Q87 na, katika umbo lake la mnara, pawasaplai ya wati 290 yenye soketi za Dell wenyewe. Hapo hakuna cha kuovakloki. Upande wa AMD, prosesa za Ryzen karibu zote ziko wazi, lakini madabodi za A320 hazikuruhusu kazi hiyo, na Ryzen 7 5800X3D ya mwaka 2022 ilitoka kiwandani ikiwa imefungwa.

Tamaa yenyewe si ngeni. Mwaka 1998 Intel walitoa Celeron 300A, prosesa ya bei nafuu yenye mapigo ya megahezi 300. Watu wakagundua kwamba ukipandisha njia ya basi kutoka megahezi 66 hadi 100, prosesa ile ile inakwenda megahezi 450 bila kulalamika. Asilimia 50 ya bure! Tangu siku hizo kila kijana anaamini kiwandani kuna kasi iliyofichwa. Zamani imani hiyo ilikuwa na ukweli mwingi. Siku hizi prosesa inatoka kiwandani ikiwa tayari inajipandisha yenyewe kadiri joto na umeme vinavyoiruhusu, na kilichobaki kwa fundi ni makombo.

Pili: kasi unayoitafuta huenda ulishailipia

Mteja akija akasema mashine imekuwa nzito, ongeza kasi, usiguse bayosi. Fungua ubavu wa mashine.

Chukua OptiPlex yenye Core i5-4590. Prosesa hii ina mapigo ya kawaida ya gigahezi 3.3 na inaweza kujipandisha hadi 3.7. Washa programu ya HWiNFO usome joto, kisha ipe kazi nzito. Kama haijafunguliwa kwa miaka kadhaa, joto litapanda kwa kasi mpaka nyuzi 100 za Selsiasi, na mstari unaoeleza kwamba prosesa inajibana kwa sababu ya joto utageuka kuwa mwekundu. Mapigo yataanza kushuka. Prosesa inajiokoa: imefika ukomo wake, inapunguza kazi ili isiungue. Mteja haoni nyuzi 100. Anaona video inakwamakwama, basi.

Sasa ng'oa feni. Chini yake, kati ya mapezi ya hitisinki, utakuta zulia la vumbi la kijivu, limeshikana kwa unyevu wa pwani mpaka unaweza kulibandua kama kitambaa. Fungua skrubu nne za hitisinki. Pesti iliyokuwa laini imekauka, imepasuka, inatoka kwa unga. Puliza vumbi kwa bloa huku umeishika feni isizunguke, maana ikizungushwa kwa nguvu ya upepo bearingi zake huumia. Futa pesti ya zamani kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya mbaazi, kaza skrubu kwa kukingamisha, kidogo kidogo. Rudia kipimo kile kile. Mara nyingi mapigo yatarudi palepale kiwanda kilipoyaweka, na mteja atasema umemwongezea kasi. Mwambie ukweli kwamba umemrudishia ya kwake.

Nimeanza na hili kwa makusudi. Hakuna kipimo cha volti wala cha joto chenye maana juu ya mashine chafu.

Tatu: hesabu ya joto, kwa hali ya hewa ya kwetu

Joto linalotoka kwenye prosesa inapofanya kazi linafuata kanuni inayojulikana: linakwenda sambamba na mapigo, na sambamba na mraba wa volti. Tuseme prosesa inakwenda gigahezi 4.0 kwa volti 1.20. Unataka 4.4, na ili itulie unapandisha volti hadi 1.32. Mapigo yameongezeka kwa asilimia 10, volti nazo asilimia 10. Zidisha 1.1 mara tatu: unapata 1.33. Kwa kasi ya asilimia 10 umelipa asilimia 33 ya joto. Na hapo sijahesabu umeme unaovuja ndani ya chipu, ambao nao huongezeka kadiri chipu inavyopata moto.

Sasa tuipeleke hesabu hiyo chumbani. Kipozeo hakiishushi prosesa chini ya joto la hewa inayokizunguka. Kinachoweza kufanya ni kulisogeza joto la prosesa karibu na la chumba. Kwa hiyo namba ya kushika ni tofauti kati ya joto la prosesa na joto la chumba. Tuseme prosesa yetu, kabla ya kuongezwa kitu, ilikuwa nyuzi 50 juu ya chumba. Baada ya kuongezwa inakuwa takriban nyuzi 66 juu yake. Mtu mwenye chumba cha nyuzi 20 atasoma 86 na kulala usingizi. Dar es Salaam mwezi Februari, mchana, nje tuna nyuzi 32 au 33. Prosesa ile ile, kipozeo kile kile, namba zile zile za bayosi, itasoma 98 au 99, hatua moja kabla ya kujibana. Ndiyo maana namba ya ugenini haifai kunakiliwa. Aliyeiandika hakudanganya, hakuwa Kariakoo tu.

Beda Amuli, msanifu majengo wetu aliyechora Soko Kuu la Kariakoo lililofunguliwa mwaka 1975, alilijua joto hili. Aliliezeka soko kwa miavuli mikubwa ya zege na kuacha hewa ipite. Fremu nyingi zilizolizunguka soko hilo leo zimegawanywa kwa hesabu ya kodi, na upepo haukualikwa. Ukipima mashine ndani ya fremu yenye kiyoyozi cha nyuzi 24, ukampa mteja anayekwenda kuiweka chini ya bati Mbagala au Tandika, umepima mashine ya mtu mwingine. Muulize: itakaa wapi? Kama chumba chake hufika nyuzi 33, ongeza 9 juu ya ulichosoma dukani kabla hujamwambia iko salama.

Ukomo nao hutofautiana kwa kila prosesa. Intel nyingi za mezani za miaka hii zina ukomo wa nyuzi 100. Ryzen nyingi za mfululizo wa 7000 zimewekewa 95, na zimetengenezwa kuukaribia ukomo huo zikiwa kazini. AMD FX-8350 ya mwaka 2012, ambayo bado tunakutana nayo, ukomo wake ni nyuzi 61 hivi. Fundi anayesema kwamba nyuzi 80 ni sawa bila kutaja prosesa gani, hajasema kitu. Kwa zile za ukomo wa 100, ushauri wangu kwa mji huu ni usimame kwenye 85 chini ya kipimo kizito kabisa, ili ubakize nafasi ya vumbi la miezi sita ijayo.

Nne: volti huua hata pasipo joto

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Wanaona joto liko chini, wanadhani wamesalimika. Volti ina madhara yake yenyewe.

Kwanza tutofautishe volti tunazozungumzia. TANESCO wanakuletea volti 230. Pawasaplai inazigeuza kuwa 12 na nyingine ndogo. Halafu kuna saketi iliyo pembeni ya soketi ya prosesa, kwenye madabodi, inayozishusha 12 hizo hadi 1 na ushei. Prosesa ya wati 100 kwa volti 1.2 inavuta zaidi ya ampea 80, zikipita kwenye nyaya za chuma nyembamba zisizoonekana kwa macho. Msongamano huo wa elektroni husukuma atomu za chuma kutoka mahali pake, kidogo kidogo, kama Mto Msimbazi unavyokula kingo zake. James Black wa Motorola aliiwekea hali hii hesabu mwaka 1969, na hesabu hiyo inaonyesha kwamba mkondo mkubwa na joto kubwa hufupisha maisha ya njia hizo. Volti ikizidi, hata utando mwembamba unaotenga sehemu za transista hudhoofika. Hakuna moshi. Mashine iliyokuwa imetulia mwaka jana kwa volti 1.30, mwaka huu inataka 1.33 kwa kasi ile ile.

Mtu akikuambia hizi ni hofu za mwalimu, mkumbushe mambo mawili. Aprili 2023, baadhi ya prosesa za Ryzen 7000 zenye alama ya X3D ziliungua kwenye soketi zake. AMD wakaagiza watengenezaji wa madabodi waiwekee volti ya sehemu iitwayo SoC ukomo wa 1.3. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Intel. Prosesa za kizazi cha 13 na cha 14 zilianza kuyumba na kufa mikononi mwa watu, wakiwemo ambao hawakuwahi kuovakloki. Julai 2024 Intel walieleza kwamba prosesa zilikuwa zikiomba volti kubwa kupita kiasi. Agosti wakatoa marekebisho yanayozizuia kuomba zaidi ya volti 1.55, na wakaongeza muda wa dhamana kwa miaka miwili. Kama wenye kiwanda na maabara yao yaliwafika hayo, fundi mwenye multimita moja apandishe volti kwa adabu.

Kwa hiyo, ukiwa na mashine ya kizazi cha 13 au cha 14 mezani, jambo la kwanza ni kusasisha bayosi. Na katika mashine yoyote, usiiache volti ya prosesa kwenye Auto huku unapandisha mapigo, kwa sababu madabodi nyingi hujiongezea volti zaidi ya inayohitajika ili tu zisionekane zimeshindwa.

Tano: namna ya kupima

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe.

Anza na umeme. Weka UPS, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kusasisha bayosi unaweza kuiacha madabodi ikiwa kipande cha plastiki. Mabwawa yameongezeka, na mradi wa Julius Nyerere pale Rufiji una mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Mgao mkali wa mwanzoni mwa 2024 umetuacha. Hata hivyo nyaya za mtaani na majenereta ya jirani bado hutetemesha volti, na umeme unaporudi huja na kishindo. Kisha pima waya wa njano wa pawasaplai kwa multimita, mashine ikiwa kazini: isishuke chini ya volti 11.4 wala kupita 12.6. Ikitoka nje ya hapo, acha kuovakloki, badilisha pawasaplai. Na msifungue pawasaplai kujifurahisha. Kapasita zake huweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa waya ukutani.

Baadaye chukua kipimo cha msingi. Mashine ikiwa kama ilivyotoka kiwandani, andika joto la chumba, joto la prosesa ikiwa imetulia, joto lake ikiwa kazini, volti na mapigo. Bila ukurasa huu hutajua umepanda kutoka wapi.

Pandisha megahezi 100 tu. Pima. Ikitulia, pandisha nyingine 100. Ikiyumba, una njia mbili: kurudi nyuma, au kuongeza volti kwa hatua ndogo, 0.01 hadi 0.02. Kamwe usipandishe mapigo na volti na kasi ya ramu kwa pamoja, kwa sababu mashine ikizima hutajua nani mkosaji. Soma volti wakati wa kazi, si ile uliyoiandika kwenye bayosi. Volti hushuka mzigo unapoingia, na madabodi nyingine zina kipengele cha kufidia mshuko huo ambacho kikikazwa sana hurusha volti juu kila mzigo unapoondoka.

Programu ya kupimia? Cinebench inatosha kwa kuonja. Kwa kuthibitisha, tumia Prime95 au OCCT. Prime95 ilianzishwa na George Woltman mwaka 1996 kwa ajili ya kutafuta namba tasa kubwa, na sifa yake kwetu ni hii: majibu ya hesabu zake yanajulikana kabla. Prosesa ikikosea hata mara moja, programu inasema kiini fulani kimekosea na kusimama. Hapo ndipo ulipo ukweli ambao vijana wengi hawaupendi. Mashine iliyoovaklokiwa vibaya si lazima izime. Inaweza kuendelea kuwaka, feni zinazunguka, taa zinameremeta, huku inatoa jibu lisilo sahihi mara moja kwa saa. Kwa mcheza gemu hilo ni doa kwenye kioo. Kwa mwenye duka anayetunza stoo na madeni humo ndani, hilo ni faili lililoharibika, na atalijua siku ya kufunga hesabu. Angalia pia kumbukumbu za Windows. Makosa ya prosesa yanayoitwa WHEA huandikwa humo hata pale mtumiaji asipoona lolote.

Muda nao una kanuni yake. Dakika kumi za mwanzo zinakuonyesha joto, kwa sababu zinatosha hitisinki kupata moto wote. Utulivu unahitaji saa kadhaa, na nusu yake iwe mchana, kati ya saa saba na saa kumi. Anayepima usiku wa manane na kiyoyozi kikivuma amepima usiku. Joto likigusa mstari uliojiwekea, simamisha papo hapo. Hakuna tuzo ya ushujaa kwenye kazi hii. Wale wanaovunja rekodi za dunia kwa zaidi ya gigahezi 9 humimina heliamu ya kimiminika ya nyuzi 269 chini ya sifuri, na hawana mteja anayesubiri risiti ya EFD.

Sita: hukumu na ombi

Mtaniuliza, basi tuovakloki au tusiovakloki? Kwa mashine ya Kariakoo, jibu langu ni la kinyume. Kama prosesa na bodi vinakuruhusu kugusa volti, jaribu kwanza kuzipunguza. Ukishusha volti kwa asilimia 5 na kuacha mapigo yalivyo, joto linapungua kwa karibu asilimia 10. Prosesa iliyokuwa nyuzi 50 juu ya chumba inakuwa 45. Hizo nyuzi 5 mara nyingi zinaiwezesha kujipandisha yenyewe na kukaa juu kwa muda mrefu. Unapata kasi, unaokoa LUKU, na chipu inaishi. Lakini pima kwa njia ile ile, kwa sababu volti pungufu nayo huleta makosa ya kimya.

Anayetaka kuovakloki kwa ajili ya gemu au kwa kujifunza, afanye, kwa mashine yake, kwa hela yake. Mashine inayobeba hesabu za biashara, rekodi za zahanati au kazi ya mteja isiyo na nakala, isiovaklokiwe.

Na mafundi, nawaomba jambo moja. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mashine inayotoka mezani kwako itoke na karatasi yenye tarehe na saa ya kipimo, joto la chumba, joto la juu kabisa la prosesa, volti ikiwa kazini, mapigo, programu uliyotumia na muda iliokwenda. Mistari saba. Mteja akirudi baada ya miezi sita na malalamiko, wote wawili mtaanzia kwenye ukurasa mmoja, na mnunuzi akiambiwa na winga kwamba mashine ni chuma, atajua cha kudai: karatasi iko wapi?